Pori Tupu

Kwa karibu miaka minne bahasha ya kaki ilikaa juu ya jokofu la Mwalimu, kati ya redio na kopo la majani ya chai. Ilitoka nyumbani kwao Taita, kwa mtoto wa ndugu yake. Ndani yake mlikuwa na fomu moja iliyosubiri sahihi ya Mwalimu tu. Kulikuwa na kipande cha ardhi chenye chemchemi, hatimiliki yake ikiwa kwa jina la Mwalimu, na huyo mtoto wa ndugu alitaka ruhusa ya kukizungushia seng'enge alime vitunguu. Wakesho, binti wa Mwalimu aliyeishi naye hapa Brooklyn Park, alitaka pia. Alisema ardhi isiyo na ua huliwa na majirani, na kwamba watoto wake, waliozaliwa Minnesota, wanapaswa kuwa na mahali pa kusema pale ni petu. Kila alipomkumbusha baba yake, jibu lilikuwa lile lile.

"Nikimaliza kitabu."

Kitabu chenyewe kilikuwa ni maisha ya Mwingereza mmoja mwenye mashamba, mbunge wa zama zile ambazo wafalme wao waliitwa George mmoja baada ya mwingine. Mwalimu alikuwa akiyaandika kwa Kiswahili, kwa penseli, katika madaftari ya shule. Sisi tuliokaa naye jengo moja tulidhani kitabu ni starehe ya mzee na bahasha ni shauri la familia. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba ni jambo moja.

Simtaji kwa jina kwa sababu hakuna aliyemwita kwa jina. Hata meneja wa majengo, Mmarekani, alidhani Mwalimu ndilo jina la ukoo, na siku moja alibandika mlangoni pake tangazo la ukaguzi wa mabomba lililoelekezwa kwa Bwana Mwalimu. Mzee alilibandua kwa uangalifu akalihifadhi ndani ya kamusi.

Ghorofa ya chini tulikuwa na chumba cha kufulia, mashine upande huu, vikaushio upande ule, na katikati meza ndefu ya kukunjia nguo. Jumamosi alasiri ndipo wengi walipopata nafasi. Nguo huchukua saa moja na nusu, na Brooklyn Park si mahali pa kutoka kwa miguu ukazurura. Mwalimu alilitambua hilo. Aliketi mwisho wa meza, akafungua daftari, akasoma kwa sauti. Hakuomba ruhusa. Mwanzoni watu walimsikiliza kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda. Baada ya miezi michache nilimwona Mama Furaha akishuka na kikapu chenye taulo mbili tu.

Mama Furaha alikuwa Mkongomani wa Uvira, mwanamke wa miraba minne aliyepanga masanduku katika bohari kubwa kule Shakopee. Yeye ndiye aliyekuwa akimkatiza Mwalimu, na naamini Mwalimu alikuwa akisoma kwa ajili yake.

"Mheshimiwa aliingia Bunge la Makabwela akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu," alisoma siku moja. Mheshimiwa ndilo jina alilompa Mwingereza wake, kama tunavyowaita wabunge wetu.

"Ngoja, Mwalimu. Makabwela njo nani?"

"Watu wa chini. Wasio na vyeo."

"Na huyu ulisema nyumba yake iko na madirisha mia."

"Mia na kumi na mbili."

"Vraiment! Kama huyo ni kabwela, basi mimi niko malaika."

Chumba kizima kilicheka. Mwalimu alisubiri kicheko kiishe, mikono juu ya daftari, kama alivyosubiri darasani miaka yote ile. "Hilo swali lako, Mama, wapinzani wake hawakuliuliza hata mara moja," alisema. "Walikuwa na mabunge mawili. Moja la mabwana wakubwa, moja la mabwana wadogo. La pili wakaliita la makabwela."

"Na wapiga kura?"

"Jimbo lake? Wangeenea humu ndani, na mashine zingebaki na nafasi. Nusu yao walikuwa wapangaji wake."

"Alikuwa na watumwa?"

"Shemeji yake alikuwa nao, visiwani, kwenye miwa. Mheshimiwa alitia sukari hiyo kwenye chai na kupiga kura kama wenye miwa walivyotaka."

Mama Furaha aliguna, akarudi kwenye taulo zake. Hivyo ndivyo tulivyojifunza.

Mwalimu alikuwa amefundisha historia nyumbani hadi alipostaafu. Huku alipata kazi katika nyumba ya wazee Saint Paul. Alikuwa akiwaogesha, akiwavisha, akiwalisha na kuwageuza kitandani wasipate vidonda. Hakuionea kazi hiyo haya wala hakuipamba. Alikwenda kazini kwa tai. Juu ya tai alivaa koti la baridi lililofika magotini, na alipofika kazini aliivua tai, akaikunja, akaitia mfukoni mwa sare, kisha akaivaa tena kwa safari ya kurudi. Nilimuuliza inamfaa nini tai ya basini. Akasema darasani alivaa tai kwa ajili ya wanafunzi, na sasa anaivaa kwa ajili yake mwenyewe.

Mmoja wa wazee aliowatunza, mhadhiri wa zamani ambaye macho yalikuwa yamekwisha, alikuwa na juzuu tatu za barua za Mheshimiwa. Alimwomba Mwalimu amsomee dakika kumi baada ya chakula cha mchana. Dakika kumi zikawa nusu saa, na nusu saa ikawa muda wake wote wa mapumziko, kwa mwaka na zaidi. Mzee yule alipofariki watoto wake walimkabidhi Mwalimu zile juzuu. "Hawakujua wampe nani," aliniambia. "Nadhani waliona ni mimi peke yangu niliyefika ukurasa wa mwisho."

Nyumbani niliwahi kuwa mwandishi wa habari, kabla sijaja kuwa mkalimani wa kliniki huku, na swali la kwa nini halijanitoka. Kwa nini mzee wa Taita ayatoe macho yake kwa bwana huyu aliyekufa zamani? Nilimuuliza mara tatu, katika miaka tofauti, na majibu yake niliyaandika. Mara ya kwanza alisema, "Kwa sababu anaandika vizuri." Mara ya pili alisema kwamba maisha yake yote alifundisha watoto habari za Waingereza waliokuja kwetu, na kamwe hakuwafundisha habari za wale waliobaki kwao na mambo waliyotendeana wenyewe kwa wenyewe. Hilo lilikuwa jibu zuri, nikadhani limetosha. Mara ya tatu alikuwa amechoka, tuko kwenye treni ya Green Line tukitoka maktaba ya Saint Paul, theluji ikipiga kwenye vioo.

"Kwa sababu namjua," alisema.

Nilimwambia mwandishi yeyote wa maisha ya mtu husema hivyo. Aliitazama theluji mpaka tukafika mwisho wa njia.

Hakuendesha gari. Brooklyn Park kila mtu ana gari, hata wasio na la kulipia mafuta, lakini yeye alipanda mabasi, akiwa na ratiba mfukoni imechorwa mistari kwa rula. Alichukia Kiswahili cha kuchanganya. Vijana wa Kikenya wakisema wana-drive kwenda kazini aliwakatiza kwa upole: "Mnaendesha." Matangazo ya kanisani aliyarudisha yakiwa na masahihisho ya kalamu nyekundu, na katibu wa kanisa, ambaye mwanzoni alinuna, baadaye akawa anamletea kabla hayajachapwa. Lakini yeye huyohuyo alisema shifti, hakusema zamu hata siku moja. Nilipomnasa, alijitetea kwamba zamu ni ya mwalimu wa zamu, mwenye kengele na kiboko. "Hii ya kuwageuza wazee ni shifti."

Alikuwa mkarimu kwa mtu asiyemjua. Familia mpya ikifika kutoka kambi ya wakimbizi, yeye ndiye aliyewapeleka watoto kuandikishwa shule, akawafundisha wazazi kusoma ramani ya basi. Na bado simu ya kutoka nyumbani ikiita aliitia chini ya mto wa kochi, akaukalia. Niliona kwa macho yangu. Simu iliita chini yake, naye akaendelea kunieleza tofauti ya shayiri na ngano.

Jongo lilikuwa limemshika, vidole vya mguu wa kulia vikiwa vyekundu na kuvimba. Mheshimiwa naye alikuwa nalo. "Hiki ndicho kiti pekee," alisema Mwalimu akiupandisha mguu juu ya kreti, "ambacho mimi na mbunge wa Uingereza tumekipata bila kupigiwa kura."

Nisimfanye Mheshimiwa jini, kwa sababu Mwalimu hakumfanya. Mke wake alifariki wakati wa kujifungua, naye kwa miaka mingi alimwandikia binti yake aliyekuwa shule barua kila Jumapili, akimweleza habari za farasi, ndege na matunda ya bustani, na kumwonya asilale na nywele mbichi. Mbwa wake alipokufa alichimba kaburi mwenyewe. Alijua majina ya wapangaji na ya watoto wao. Kijiji kidogo cha nyumba za nyasi kilipomzibia mandhari ya dirishani, alikihamisha kijiji chote, lakini aliwajengea nyumba bora kuliko zile alizozibomoa, na barua zake zinaonyesha roho ilimuuma mpaka nyumba ya mwisho ilipoezekwa.

Kuna Jumamosi moja ambayo siisahau. Nje ilikuwa baridi ile inayogandisha kope. Mwalimu alisoma jinsi Mheshimiwa alivyogawa mablanketi kila Desemba. Hakumtuma msimamizi. Alisimama mlangoni na jongo lake, akampa kila maskini kwa mkono wake, akamuuliza hali ya nyumbani. Kisha Mwalimu akafunua ukurasa uliofuata.

"Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amepitisha bungeni sheria ya kuzungushia ua uwanda wa kijiji. Uwanda huo ndipo maskini hao walipokuwa wakiokota kuni."

Kikaushio kimoja kilisimama, tukasikia zipu ya mwisho ikigonga bati.

"Baridi alileta mwenyewe," Mama Furaha alisema polepole, "kisha akaleta na blanketi."

"Yeye hakuliona hivyo. Nimesoma barua zote, Mama. Hakuna mahali alipoliona." Mwalimu alivua miwani. "Hilo ndilo linalonitia hofu. Angekuwa mwongo, kitabu hiki ningekimaliza kwa mwaka mmoja."

Kati ya majengo yetu na kituo cha basi palikuwa na uwanja wa nyasi. Watu waliukata katikati, wakafanya njia, na pembeni akina mama wa Kikongo walipanda lengalenga, mchicha wa kwao, kila kiangazi. Masika moja wenye majumba walizungusha waya, wakaeleza kwamba ni mambo ya bima. Kuanzia hapo ilikupasa kuzunguka kwa barabara kuu isiyo na njia ya miguu, magari yakikurushia tope la theluji. Wapangaji wakaamua kuandika barua, na bila kujadiliana wote wakapanda kwa Mwalimu, mtu mwenye mwandiko bora na maneno bora katika jengo zima.

"Barua za ardhi siandiki," alisema.

Tulidhani anatania. Mama Furaha alikuwa wa kwanza kuelewa kwamba hatanii, na aliumia. "Weye? Weye wa kutusomea mambo ya ua kila samedi?"

"Nitatia sahihi. Nitaibeba. Nitasimama mbele. Mwingine aandike."

Niliiandika mimi. Yeye aliibeba, kwa tai, akasimama kwenye ofisi ya meneja kwa muda mrefu na mguu wake mbovu, akakataa kiti mpaka alipopokewa. Baada ya wiki kadhaa wakafungua kijilango kwenye ule waya. Watu walimshukuru sana. Mimi nilibaki na lile neno lake. Usiku wowote ungemwamsha mzee huyu umwombe akuandikie barua ya shule, ya hospitali au ya kumposea mwanao, angewasha taa akakuandikia. Kwa nini ya ardhi hapana?

Jibu nilijikwaa nalo mwenyewe, tena kwa kosa langu. Vuli ile alifika kwenye sura ya sheria yenyewe ya Mheshimiwa. Bunge liliuita uwanda ule kwa neno moja la Kiingereza, waste, neno lile lile lililopigwa chapa kwenye pipa kubwa la taka nyuma ya jengo letu. Kwa watunga sheria wa wakati ule maana yake ilikuwa ardhi isiyolimwa, isiyo na mwenyewe, inayopotea bure. Mwalimu alisoma mpaka hapo tu. Aliligeuza daftari tuone. Katikati ya sentensi aliacha nafasi wazi, na karatasi ilikuwa imechubuka kwa kufutwa mara nyingi.

"Hapa sina neno," alisema.

"Taka?" mmoja alijaribu.

"Nimeliandika nikalifuta. Hawakusema ardhi ni chafu."

"Udongo ya bure," Mama Furaha alisema.

"Karibu. Lakini sheria haisemi hivyo."

Mimi naishi kwa kutafuta maneno kama hayo, daktari akinisubiri na mgonjwa akinitazama. Nililitoa upesi, nikijisikia vizuri.

"Pori tupu."

Mwalimu alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Alilifunga daftari, akatia penseli mfukoni, akatoka. Shati zake alizisahau ndani ya mashine. Jioni Wakesho alishuka kuzichukua, bado yuko na sare yake ya uuguzi.

"Dada, umemwambia nini Baba?"

"Nimempa neno tu."

"Neno gani la kumfanya mtu asile?"

Jumamosi tatu zikapita bila kusomewa. Ya nne alishuka, akaruka sura ile, akaendelea na ndoa ya binti wa Mheshimiwa. Hakuna aliyemuuliza. Madaftari yote ninayo mimi sasa, na nafasi ile ingali wazi.

Nilimwona mara ya mwisho, kwa maana ya kumwona akiwa yeye mwenyewe, mwezi wa Machi 2017. Figo zilikuwa zimemlaza hospitali wiki mbili, na alikuwa amerudishwa nyumbani. Alinipigia mwenyewe. "Mwandishi," alisema, maana ndivyo alivyoniita akitaka kazi, "njoo na kalamu. Kuna barua ya ardhi."

Nilimkuta kwenye kochi, mguu juu ya kreti, tai shingoni juu ya fulana ya kulalia. Bahasha ya kaki ilikuwa mapajani. Wakesho ndiyo kwanza ametoka kazini, amesimama karibu na jiko, hajavua viatu.

"Nilikuwa karani wa kamati," Mwalimu alianza, kama tuliokuwa katikati ya mazungumzo. "Serikali ilipoleta wapimaji kutugawia ardhi. Nilikuwa kijana na mwandiko wangu ulikuwa mzuri, wakanipa fomu. Jina la mwenye ardhi. Mipaka. Matumizi. Tulipofika kwenye kile kilima cha chemchemi, akaja mjane mmoja, Mghoi, na mundu wake mkononi. Akaniambia, 'Andika kwamba mimi nakata nyasi pale.' Nikamwambia, 'Mama, fomu haina nafasi ya mtu anayekata nyasi. Ina nafasi ya mwenye ardhi.' Akasema, 'Basi wewe andika nakata nyasi. Huyo mwenye ardhi atanikuta.'"

Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka.

"Kwenye matumizi nikaandika pori tupu. Watu wote walichota maji pale. Mbuzi wote walilishwa pale, hata wa baba yangu. Nikaandika pori tupu kwa sababu ilienea kwenye kisanduku. Mwishowe kamati ikasema, hilo pori tupu apewe karani, amefanya kazi nzuri. Sikuomba. Na sikukataa."

"Ulimfukuza?" niliuliza.

"Nani, mimi? Kamwe. Niliwaacha wote waendelee, kwa hisani yangu. Naye Mghoi nilimpelekea leso." Alinitazama ili ahakikishe nimeisikia. "Kila Krismasi, Mwandishi. Kwa mkono wangu."

Wakesho ndiye aliyesema.

"Baba, hukuniambia haya hata siku moja."

"Nilikuwa nakuandikia kitabu."

"Mimi sikutaka kitabu cha Mzungu! Ungeniambia." Alikaribia. "Na huyo Mghoi alikwisha kufa. Ile ardhi ndiyo kitu pekee nilicho nacho cha kuwaonyesha watoto wangu."

"Wajukuu wake wanakata nyasi pale mpaka leo. Ua ukiwekwa watakata wapi, watachota wapi? Sisemi niitupe, mama. Nasema isifungwe. Maji, njia na nyasi viandikwe kuwa ni vyao. Lakini nikiandika mimi peke yangu, nikifa yule kijana ataleta fomu nyingine kwako. Lazima na wewe utie sahihi." Alimpa ile fomu. "Soma kwenye matumizi."

Wakesho aliisoma, kisha akanipa. Mtoto wa ndugu alikuwa ameipiga chapa yote vizuri, na kwenye kisanduku cha matumizi ya sasa alikuwa amenakili kilichokuwa kwenye rejista ya ardhi. Maneno mawili.

"Miaka minne nashindwa kuisaini," Mwalimu alisema. "Maneno ni yangu."

Nilitoa karatasi yangu niandike hiyo barua. Yeye alikuwa amechukua kifutio cha madaftari, kile cha buluu, anainamia fomu. Alikuwa anajaribu kuyafuta maandishi ya mashine kwa kifutio cha penseli.

"Acha, Baba," Wakesho alisema. "Utaitoboa."

Hakuacha. Wakesho akamshika mkono, si kwa nguvu, akaketi ukingoni mwa kreti karibu na ule mguu.

"Sisi kazini haturuhusiwi kufuta," alisema. "Ukikosea kwenye faili la mgonjwa unapiga mstari mmoja tu. Mmoja, mwembamba. Kosa lisomeke chini yake, kila mtu aone nini kilikuwa kimeandikwa. Kisha unaandika lililo kweli pembeni, unatia sahihi na tarehe."

"Pembeni?"

"Kisanduku kikikosa nafasi, ndiyo. Pembeni."

Mwalimu aliweka kifutio chini. Nje mtu alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari.

"Laiti ungekuwapo uniambie siku ile," alisema.

"Nilikuwa bado sijazaliwa, Baba."

Akacheka, akakohoa, akaniambia niweke karatasi yangu, haihitajiki. Akaomba ile kalamu yake nyekundu. Mstari ulinyooka. Alikuwa amesahihisha maelfu ya madaftari kwa mkono ule. Pori tupu likabaki likisomeka chini ya wekundu. Akaigeuza fomu ikae upande, na pembeni, kwa zile herufi zilizomfanya awe karani, akaandika: *Mghoi anakata nyasi hapa.*

Wakesho alivua viatu vya kazi, akavuta kiti mezani, akachomoa kalamu iliyokuwa kwenye mfuko wa sare, akaandika sahihi yake chini ya sentensi ile, na tarehe.

"Wa pili," alisema. "Nani mwingine anakata nyasi au kuchota maji pale? Taja wa pili, polepole."